Kilichoungua Gounsa Hakikuwa na Miaka 1,300

Machi 25, 2025, moto wa msituni uliokuwa umeanza siku tatu nyuma wilayani Uiseong, kusini-mashariki mwa Korea Kusini, uliruka vilima kwa nguvu ya upepo ukaifikia Gounsa. Hekalu hilo la Kibuddha lilianzishwa mwaka 681 na mtawa Uisang, enzi za ufalme wa Silla. Waliokuwapo waliwahi kuhamisha vile vilivyobebeka, ikiwamo sanamu ya mawe ya Buddha, kisha wakaokoa roho zao. Kesho yake habari ilikuwa moja dunia nzima, na sisi wengine tuliletewa kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa imeshatafsiriwa: hekalu la miaka 1,300 limegeuka majivu. Picha iliyoandamana nayo ilikuwa ya kengele iliyopasuka, imebaki peke yake kwenye lundo la vigae na mkaa.

Sasa tuhesabu pamoja. Kati ya majengo yaliyoteketea, mawili ndiyo yaliyokuwa kwenye orodha ya serikali ya urithi unaoitwa "Hazina". La kwanza ni Gaunru, ukumbi wa mbao uliojengwa juu ya kijito, nguzo zake zikishuka hadi kwenye mkondo wa maji. Ulijengwa 1668, ukaingizwa kwenye orodha Julai 2024, miezi minane tu kabla ya kuungua. La pili ni Yeonsujeon, ambalo kwa sura tuliyoijua lilikuwa la 1904, kazi yake kumtakia umri mrefu mfalme Gojong, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kujitangaza kaizari, alipopokelewa katika daraja la wazee wa dola akiwa na miaka 51. Jengo la kifalme ndani ya uwanja wa watawa ni jambo la nadra Korea. Hasara ya yote mawili ni ya kulilia, sina ubishi. Lakini la kwanza lilikuwa na miaka 357, la pili 121. Hapakuwa na ubao hata mmoja Gounsa uliokuwa umesimama tangu siku za Uisang.

Siandiki haya ili kupunguza machungu ya watu waliopoteza hekalu lao. Ninachosema ni kwamba habari ile ilipotosha jambo kubwa kuliko tarehe. Imetuzoesha kupima umri wa mahekalu na makasri ya Korea kwa umri wa mbao zake, na mtu akishashika kipimo hicho atateleza tu, upande mmoja au mwingine. Ama ataona kila kilichojengwa upya ni cha bandia, ama atasema kwa kuwa mbao haziishi milele basi tujenge tu, mtalii hatajua. Wote wawili wanasahau kilichoubeba umri huo karne zote: mikono ya watu wanaojua kulifungua jengo, kulisoma ndani na kulirudisha lilivyokuwa. Msonobari ukiungua huota mwingine. Ujuzi ukikatika kwa kizazi kimoja, fedha za serikali peke yake haziwezi kuurudisha, na ushahidi wa hilo, tena wa aibu, uko katikati ya jiji la Seoul. Nitaufikia.

Kwanza ni lazima tuelewe majengo haya yalikuwa yanakufa vipi. Jengo la heshima la Korea, liwe la mfalme au la Buddha, ni fremu ya mbao iliyokaa juu ya jukwaa la mawe, na juu yake paa zito la vigae. Mawe yanabaki, mbao zinaondoka. Mwaka 1238 Wamongolia waliichoma Hwangnyongsa, hekalu la Gyeongju, mji mkuu wa zamani wa Silla, lililokuwa na mnara wa mbao wa ghorofa tisa, urefu wake kama meta 80, uliokamilika 645 wakati wa Malkia Seondeok. Vita vya Japani vya 1592 hadi 1598 vilifagia karibu kila kitu: hekalu la Bulguksa, huko huko Gyeongju, liliungua 1593, na kasri la Gyeongbokgung, lililojengwa 1395, liliteketea mwaka vita vilipoanza, likabaki gofu kwa zaidi ya miaka 270. Ukaja utawala wa kikoloni wa Japani, ambao ulivunja sehemu kubwa ya kasri lililokuwa limejengwa upya. Halafu ikaja vita ya 1950 hadi 1953. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, la kushangaza ni kwamba kuna jengo lolote la mbao la zamani lililosalia. Na yapo. La zamani kuliko yote yanayojulikana ni ukumbi wa Geungnakjeon katika hekalu la Bongjeongsa, Andong. Tumeujua umri wake kwa sababu mafundi walipoufungua kuukarabati mwaka 1972 walikuta maandishi yaliyofichwa ndani yake, yakisema paa lilifanyiwa matengenezo mwaka 1363. Yaani cheti cha kuzaliwa cha jengo kongwe kuliko yote Korea ni, kwa lugha ya leo, risiti ya fundi. Jengo lenyewe lilijengwa kabla ya hapo, na lingekuwa limekwisha kuoza kama fundi yule wa 1363 asingelipanda.

Tukumbuke hilo tunapomsikiliza mwenye hoja ya "bandia", kwa sababu hoja yake si ya kijinga. Rafiki niliyeongozana naye Gyeongbokgung alisimama mbele ya Gangnyeongjeon, nyumba aliyolala mfalme, akasoma kibao cha maelezo hadi mwisho, akanigeukia: "Kaka, yaani tumelipa kuja kuangalia nyumba niliyoizidi umri?" Yeye ni wa 1985, nyumba ilikamilika 1995. Ninaelewa alivyojisikia. Wengi wetu tuliijua Korea kupitia zile tamthilia za wafalme, zenye sauti ya DJ akitufafanulia kwa Kiswahili nani anamsaliti nani, na tulipofika tulitaka kugusa ukuta ule ule. Hali ni mbaya zaidi ukitoka nje hadi lango kuu, Gwanghwamun. Wajapani walilihamisha, vita ikalichoma, mwaka 1968 serikali ya Rais Park Chung-hee ikalirudisha kwa zege na bango la maandishi ya Kikorea, Hangul, kwa mwandiko wa Park mwenyewe. Agosti 15, 2010 likazinduliwa jingine, la mbao, na bango jipya la herufi za Kichina, nyeusi kwenye nyeupe. Bango lilipasuka kabla mwaka haujaisha. Baadaye picha ya zamani iliyohifadhiwa Marekani na kitabu cha kumbukumbu za ujenzi kilichokutwa katika chuo kikuu cha Waseda, Japani, vikaonyesha kwamba la asili lilikuwa jeusi lenye herufi za dhahabu. Oktoba 2023 likatundikwa hilo. Miezi michache baadaye, mwaka 2024, waziri wa utamaduni akaibua tena wazo la bango la Hangul. Mtu akiangalia hayo akauliza kama hili ni kumbukumbu au ni jukwaa la maigizo, hana kosa.

Lakini mfuate mwenye hoja hiyo hadi mwisho uone inampeleka wapi. Mwaka 1917 nyumba za ndani za kasri jingine la Seoul, Changdeokgung, ziliungua. Badala ya kukata miti mipya, watawala wa kikoloni waliibomoa Gangnyeongjeon ya Gyeongbokgung, ile ya karne ya 19, wakachukua mbao zake wakajengea Huijeongdang ya Changdeokgung, iliyokamilika 1920. Basi mbao za asili za nyumba ambayo rafiki yangu aliiona ya bandia zipo, zina afya njema, kilometa chache tu kutoka pale aliposimama, katika kasri jingine, ndani ya jengo lenye jina jingine na samani za Kizungu. Ipi basi ni Gangnyeongjeon halisi? Ile yenye mbao zake au ile iliyosimama mahali pake, yenye vyumba vya kulala wafalme vilivyopangwa kama mwanzo? Na hata mbao hizo za karne ya 19 hazikuwa za kwanza, maana za 1395 ziliungua. Kipimo cha mbao kinafika mahali kinakosa jibu. Bulguksa nako ni hivyo hivyo: ngazi na majukwaa ya mawe, pamoja na minara yake miwili maarufu, Dabotap na Seokgatap, ni ya karne ya nane, ilhali sehemu kubwa ya kumbi za mbao unazopigia picha zilirudishwa kati ya 1969 na 1973. Mgeni anatembea karne ya nane kwa miguu na ya ishirini kwa macho, na UNESCO waliiorodhesha mwaka 1995 wakilijua hilo.

Upande wa pili ndio ninaoona una hoja dhaifu kuliko zote, ingawa siku hizi unapewa sifa ya upeo. Utasikia: Wazungu wanaabudu jiwe la asili, Waasia wanajali roho ya jengo, kwa hiyo kujenga upya ni utamaduni wao na hakuna cha kuuliza. Hutajwa mahekalu ya Ise huko Japani, yanayojengwa upya kila baada ya miaka 20, kisha huletwa Tamko la Nara la 1994, ambalo lilikubali kwamba uhalisi wa urithi hupimwa kwa mizani ya utamaduni wenyewe, yakiwamo matumizi, mapokeo na ufundi, si malighafi peke yake. Tamko hilo halikutoa ruhusa ya kujenga chochote. Lilidai ushahidi zaidi. Na Korea si Ise. Hakuna desturi ya kubomoa Bongjeongsa kila kizazi. Desturi ya mafundi wao ni kulifungua jengo kipande kwa kipande, kila ubao ukipewa alama, uliooza ubadilishwe na uliobaki mzima urudi mahali pake. Wakati wa moto ule ule wa 2025, watu walikata miti iliyozunguka Bongjeongsa ili moto ukose daraja, na kutoka hekalu jingine, Buseoksa, hazina zilihamishwa. Watu wasiojali kitu cha asili hawafanyi hivyo.

Ukitaka kuona hoja hiyo ikivunjika, nenda Sungnyemun, lango la kusini la Seoul ya kale, lililojengwa 1398 na kwa miongo mingi likaitwa Hazina ya Taifa namba 1. Februari 10, 2008, mzee mmoja mwenye hasira za fidia ya kiwanja alipanda juu akalichoma. Zimamoto walimwaga maji kwa saa kadhaa, lakini paa la Kikorea limetengenezwa kuzuia maji: chini ya vigae kuna tabaka la udongo na mbao, na moto ulikuwa ndani, maji nje. Usiku wa manane ghorofa ya juu ikaporomoka mbele ya kamera za televisheni. Hata hivyo lilikuwa na bahati. Ghorofa ya chini ilisalimika kwa sehemu kubwa, na miaka miwili kabla yalikuwa yamechukuliwa vipimo vya kila kiungo na kuwekwa kwenye michoro. Serikali ikaahidi kulirudisha kwa njia ya mababu: misonobari ya Korea, vigae vya kuchomwa kwa mkono, patasi badala ya mashine, na rangi za asili zilizochanganywa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Mei 2013 likafunguliwa kwa sherehe. Kufikia Oktoba rangi ilikuwa inabanduka.

Uchunguzi ulionyesha kwamba msanii mkuu wa rangi, mtu aliyekuwa na cheo cha taifa cha kubeba ufundi huo, alichanganya kwa siri rangi za kiwandani na gundi ya kisasa. Kesi ikaenda hadi 2022, mahakama ikamwamuru yeye na msaidizi wake wailipe serikali karibu won milioni 950. Magazeti yaliandika habari ya mwizi na mimi sikatai kwamba paliibiwa. Ila ndani ya kesi kulikuwa na jambo lililonishtua zaidi. Gundi ya asili iliyotakiwa ilibidi iagizwe Japani, kwa sababu Korea ilikuwa imeacha kuitengeneza. Na bwana yule, kwa cheo chake chote, mara ya mwisho kufanya kazi kwa njia hiyo ilikuwa miaka ya 1970, kijana chini ya mwalimu wake. Kwa miaka 40 nchi nzima ilipaka mahekalu yake kwa rangi za dukani kwa kuwa ni rahisi, zinakauka haraka na hazilalamiki unyevu. Siku ilipohitaji njia ya zamani, hapakuwa na mtu aliyeijua mikononi, alikuwapo mwenye cheti tu. Ukinadi kwamba roho ya jengo ni ufundi, basi ukubali kwamba Sungnyemun ilisimama 2013 ikiwa na mbao zake nyingi za zamani na roho iliyokatika. Hapo ndipo ilipokuwa hasara, miaka mingi kabla mzee yule hajapanda na kibiriti.

Kuna mahali ambapo ubishi huu wote umesimamishwa kwenye uwanja mmoja, nami nashangaa watalii wanaokimbizana Gyeongju huwa hawafiki. Ni Mireuksa, Iksan, magharibi mwa nchi, hekalu la ufalme wa Baekje ambalo limebaki nyasi, mabwawa na misingi. Zamani lilikuwa na minara miwili ya mawe iliyosimama pacha. Wa mashariki ulianguka kabisa. Mwaka 1993 ulijengwa mpya, ghorofa tisa, karibu meta 28, kwa mawe ya itale yaliyokatwa kwa mashine. Ukiukaribia unaona kila kona imenyooka kama ya benki. Ni mweupe unaoumiza macho saa sita mchana, viungo vya mawe ni mistari tupu, na hakuna mahali ambapo kidole kinakuta alama ya nyundo. Wenyewe Wakorea waliudharau tangu ulipozinduliwa. Wa magharibi ulikuwa umebomoka nusu, na mwaka 1915 Wajapani waliuziba upande ulioanguka kwa saruji. Mwaka 2001 mafundi walianza kuufungua. Saruji peke yake ilikuwa tani 185, na waliibandua kidogo kidogo, hadi kwa vifaa vya daktari wa meno, ili wasiumize jiwe lililo chini. Kazi ilichukua karibu miaka 20. Walipomaliza hawakujenga ghorofa tisa. Waliishia sita, na ya juu haikutimia, kwa sababu hapo ndipo ushahidi ulipoishia. Mnara unaonekana kama mzee aliyevunjika bega. Jiwe jipya limewekwa ubavuni mwa jiwe la zamani bila kujificha, jeupe kando ya la kijivu lenye madoa ya kuvu, na jicho linaona mara moja lipi ni la nani.

Uvumilivu ule ulilipa kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Januari 2009, wakiwa wamefika kwenye jiwe la katikati, mafundi walikuta kishimo chenye chombo cha masalia ya Kibuddha na bamba la dhahabu lenye maandishi. Mnara, bamba lilisema, ulisimamishwa mwaka 639. Na malkia aliyeutolea mali alikuwa binti wa mkuu mmoja wa Baekje wa ukoo wa Sataek, wala si Seonhwa, binti mfalme wa Silla, ambaye hadithi inayopendwa kuliko zote za enzi hiyo ilikuwa imempa sifa hizo. Taifa zima lilikuwa limefundishwa mapenzi ya Seonhwa na Mu, mfalme wa Baekje. Kazi ya 1993 iliwapa watu mnara wa kupiga picha. Kazi ya pili iliwasahihishia historia. Hata hii nayo si takatifu: mwaka 2019 wakaguzi wa serikali waliilaumu kwa namna mawe ya ndani yalivyopangwa tofauti na yalivyokutwa. Lakini lawama hiyo iliwezekana kwa sababu palikuwa na kumbukumbu za kulinganisha. Mnara wa mashariki huwezi hata kuulaumu hivyo, hauna cha kulinganishwa nacho.

Kwa nini basi mnara wa mashariki unaendelea kuzaa watoto? Kwa sababu mwanasiasa anahitaji utepe wa kukata, na fundi anahitaji miaka 20. Park Chung-hee aliifanya Gyeongju ya Silla kuwa kioo cha taifa alilotaka, lenye umoja na nguvu, na kumbi za Bulguksa zilirudi katika hewa hiyo. Daraja la Woljeonggyo, mjini humo humo, lilikamilika 2018 likiwa na paa, malango ya ghorofa mbili na taa za usiku. Mawe ya nguzo za chini ndiyo yaliyochimbuliwa, sehemu kubwa ya yaliyo juu ni makisio. Linapendeza, siwezi kudanganya, hasa likijiona majini baada ya magharibi. Na Hwangnyongsa, uwanja ule ulioachwa na Wamongolia, umekuwa kwenye mipango ya kurudishiwa mnara wake kwa miaka mingi, ingawa hakuna mchoro wala picha ya mwili wake. Kilichopo kwa sasa ni jumba la makumbusho pembeni lenye mfano wa moja ya kumi. Nadhani hilo linatosha. Oktoba 2025, viongozi wa APEC, jumuiya ya uchumi ya nchi za Asia na Pasifiki, walipokutana Gyeongju, Rais Lee Jae-myung alimzawadia Donald Trump nakala ya taji la dhahabu lililochimbuliwa 1973 kwenye kaburi la Cheonmachong.  Hakuna aliyechanganyikiwa taji halisi ni lipi, kwa kuwa halisi lilikuwa kwenye kabati la kioo mjini humo humo. Mnara wa Hwangnyongsa ukijengwa hautakuwa na kabati lake. Utakaa juu ya mawe ya asili, na baada ya miaka 50 mtoto wa shule ataambiwa huu ndio mnara wa Seondeok.

Mantiki hii inatupeleka mbali kidogo na utalii. Mei 4, 2023, mahekalu 65 ya shirika la Jogye, kubwa kuliko yote ya Wabuddha wa Korea, yaliacha kutoza kiingilio, desturi iliyokuwapo tangu 1962, na serikali ikabeba gharama. Wapanda milima walishangilia, kwa haki, maana kwa miaka mingi walikuwa wakilipishwa njiani hata wasipokanyaga uwanja wa hekalu. Ilielezwa kama zawadi kwa mgeni. Mimi naiona kama mabadiliko ya nani mwenye kauli. Anayelipa ndiye atakayeulizwa kijengwe nini, na bajeti ya umma inaonyesha matokeo yake kwa picha za kabla na baada. Kijana anayekaa miaka kumi akijifunza kupika gundi au kusoma mikunjo ya ubao haonekani kwenye picha ya namna hiyo. Si kwamba Korea haijui: ufundi wa useremala mkuu wa mbao, daemokjang, uliandikishwa UNESCO mwaka 2010, na kipo chuo kikuu cha serikali cha urithi huko Buyeo. Tatizo ni uwiano. Uganda wamelipitia hili: makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi yaliungua Machi 2010, na kilichochukua miaka mingi ni kurudisha kazi ya ukoo wa waezekaji wa nyasi, wenye masharti na miiko yao, kwa kasi ambayo wafadhili hawakuipenda. Septemba 2023 yaliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Kama kuna mahali pa kumpeleka mwenye haraka, ni Haeinsa. Huko kuna mabamba ya mbao zaidi ya 80,000 yaliyochongwa maandiko ya Kibuddha katika karne ya 13, yakiwa kwenye maghala ya karne ya 15. Hekalu lililoyazunguka limeungua mara kadhaa, maghala hayajaguswa. Madirisha yake hayana vioo wala hayalingani: upande mmoja ya chini ni makubwa na ya juu madogo, upande wa pili kinyume chake, hewa iingie, izunguke na itoke, sakafu ni udongo uliochanganywa na mkaa, chokaa na chumvi, unaomeza unyevu wa majira ya mvua na kuutema wakati wa ukame. Miaka ya 1970 lilijengwa ghala jipya la kisasa ili kuyalinda mabamba hayo. Walihamishia machache ya majaribio, yakaanza kuharibika, wakayarudisha.

Gounsa itajengwa upya, na inafaa ijengwe, kwa sababu watawa bado wanasali pale na hekalu lenye watu haliwezi kuachwa kama gofu la maonyesho. Gaunru ilikuwa imechunguzwa muda mfupi kabla ya moto, wakati wa kuingizwa kwenye orodha, kwa hiyo mafundi wana pa kuanzia. Swali la kuwauliza wenye dhamana ni nani atachonga, kwa muda gani, na kama zabuni itampa fundi nafasi ya kufundisha vijana akiwa kazini au itamtaka akabidhi funguo kabla ya uchaguzi. Na kipo kielelezo cha nini kifanywe na mabaki. Aprili 2005 moto wa msituni uliingia Naksansa, hekalu la pwani ya mashariki, nalo la Uisang huyo huyo. Kengele ya shaba ya mwaka 1469 iliyeyuka ndani ya banda lake, ikafutwa kwenye orodha ya Hazina kwa kuwa haikuwapo tena. Walitengeneza mpya wakaitundika, na ndiyo inayopigwa leo. Ile iliyoyeyuka hawakuitupa. Imewekwa ndani ya jengo la kumbukumbu hapo hapo hekaluni, bonge la shaba lililolegea kama nta, na ukiinama unaona bado sehemu ndogo ya mapambo yake.